Kuruwiji wa Taita na saintpaulia ya Mbololo: kilima kimoja, hadhi mbili

Anayelinganisha hadhi ya ndege na hadhi ya mmea hukosea mapema, kabla hata hajafungua Orodha Nyekundu ya IUCN, orodha ya dunia inayopima hatari ya kila spishi kutoweka. Huchukua jina la huyu na jina la ule, akatazama herufi zilizo mbele ya kila jina, CR au EN, kisha akatangaza nani yuko pabaya zaidi. Lakini hadhi hupewa jina. Jina likipandishwa cheo, likishushwa au likihamishiwa jenasi nyingine, hadhi nayo huyumba, ilhali kule msituni hakuna kilichobadilika.

Mfano bora wa jambo hili uko kilima cha Mbololo, Kaunti ya Taita Taveta, Kenya. Hapo anaishi kuruwiji wa Taita, ndege wa sakafu ya msitu, na hapo hapo inaota saintpaulia ya Taita, mmea mdogo wa maua ya zambarau unaoshika kwenye miamba yenye kivuli. Wote wawili hawapatikani popote duniani nje ya Vilima vya Taita, ambavyo ni ncha ya kaskazini ya Milima ya Tao la Mashariki. Msitu ni mmoja, mvua ni moja, shoka ni lile lile. Hata hivyo Orodha Nyekundu inamweka ndege EN, yaani hatarini kutoweka, na ua inaliweka CR, yaani hatarini mno, ngazi iliyo juu zaidi kwa viumbe ambao bado wako porini. Maelezo ya tofauti hiyo yamo ndani ya majina na ndani ya vipimo, na tutaanza na majina.

Majina kamili na mabano yake

Ndege anaandikwa *Turdus helleri* (Mearns, 1913). Mmea unaandikwa *Streptocarpus teitensis* (B.L.Burtt) Christenh. Yatazame mabano, kwa kuwa hayasemi kitu kimoja pande zote mbili.

Kwa wanyama, mabano yanakuambia kwamba aliyeeleza spishi kwanza aliiweka kwenye jenasi nyingine. Mearns alimwita ndege huyu *Planesticus helleri* mwaka 1913, kwa heshima ya Edmund Heller, Mmarekani aliyekusanya vielelezo. Baadaye akahamishiwa *Turdus*. Nani alimhamisha? Kanuni za majina ya wanyama hazikulazimishi kusema. Kwa mimea ni tofauti: aliyeeleza kwanza huingia ndani ya mabano, na aliyehamisha huandikwa nje, baada yake. Burtt aliueleza mmea huu kama *Saintpaulia teitensis* mwaka 1958, na Christenhusz akauhamishia *Streptocarpus* mwaka 2012. Ukinakili "*Streptocarpus teitensis* B.L.Burtt" bila mabano, umesema kwamba Burtt ndiye aliyeuweka kwenye *Streptocarpus*, jambo ambalo hakulifanya. Linaonekana kosa dogo, lakini ndilo linalowapotosha wanaotafuta maelezo ya kwanza ya spishi: watapekua kitabu kisicho chake.

Kanuni hizo mbili zinaachana hata kwenye mwaka wa kuanzia. Majina ya mimea huhesabiwa tangu 1753, ya wanyama tangu 1758, vyote vikiwa vitabu vya Linnaeus, Mswidi aliyeanzisha mfumo huu wa majina. Nususpishi ya mnyama huandikwa kwa majina matatu mfululizo bila alama yoyote, na ya mmea lazima itanguliwe na "subsp." Kwa hiyo ukikuta majina matatu yamefuatana bila alama, karibu kila mara ni mnyama.

Tahadhari ya kutafuta taarifa: saintpaulia itafute kwa majina yote mawili, la zamani na jipya. Rekodi nyingi za vielelezo vilivyokaushwa, na sehemu kubwa ya maandishi ya uhifadhi, bado ziko chini ya *Saintpaulia*. Na tahajia ni *teitensis*, kwa e na i, jinsi eneo lilivyoandikwa zamani. Haisahihishwi kufuata tahajia ya leo. Andika "taitensis" na huenda hifadhidata ikakujibu kwamba hakuna kitu.

Wanakoachana kwenye ngazi

Ukipanda ngazi ya uainishaji kutoka chini, viumbe hawa hawakutani mpaka umepita himaya. Kuruwiji yumo himaya ya wanyama, faila ya wenye ugwe wa mgongo, ngeli ya ndege, oda ya Passeriformes, familia ya Turdidae. Saintpaulia imo himaya ya mimea, kundi la mimea inayotoa maua, oda ya Lamiales, familia ya Gesneriaceae. Miishio inasaidia kukumbuka: familia za wanyama huishia -idae na za mimea -aceae. Oda za mimea huishia -ales, na oda za ndege -iformes.

Passeriformes pekee ina zaidi ya nusu ya spishi zote za ndege duniani. Alama yake ya nje ni mguu: vidole vitatu mbele, kimoja nyuma, vyote vikishikana na mwili kwa usawa mmoja, mguu uliotengenezwa kushika kijiti. Ndani ya oda hiyo, kuruwiji yuko kwenye kundi la ndege waimbaji, wenye koo la sauti lililozungukwa na misuli mingi midogo kuliko ya ndege wengine. Kuruwiji wa Taita ana urefu wa sentimita 20 hadi 22, kichwa cheusi, mdomo wa rangi ya machungwa iliyokolea, mbavu za kahawia nyekundu na tumbo jeupe. Hutembea chini, akipekua majani yaliyoanguka kutafuta wadudu na minyoo, na hula matunda pia. Mashambani haonekani, na hata kwenye vichaka vilivyoota baada ya msitu kukatwa haonekani. Sifa hiyo ya mwisho ina uzito kuliko rangi zote nilizotaja.

Lamiales ni oda ya ufuta, mrehani, mnanaa, mjakaranda na mzeituni. Ua la saintpaulia lina petali tano zilizoungana chini, mbili za juu zikiwa ndogo kuliko tatu za chini. Katikati kuna vifuko viwili vya njano vya chavua, vinavyoonekana kwa mbali. Kijiti kinachopokea chavua hakikai katikati: kwenye ua moja kimepinda kulia, kwenye jingine kushoto. Nyuki akija upande mmoja anagusa vifuko, akija upande wa pili wa ua jingine anagusa kijiti, na chavua inavuka kutoka ua hadi ua. Nekta hakuna, chavua yenyewe ndiyo malipo. Ukishika lenzi ya mkono dakika moja tu juu ya ua hili unaelewa kwa nini wataalamu wa zamani waliona ni jenasi ya peke yake. Kulikuwa na sababu nyingine pia: spishi nyingi za *Streptocarpus* zina tunda lililosokotwa kama kamba, na la saintpaulia halijasokotwa.

Vinasaba vikasema vingine. Mti wa nasaba ulipochorwa, saintpaulia zote zilitokea ndani ya *Streptocarpus*, kwenye tawi moja na spishi ambazo zimekuwa humo siku zote. Kuziacha nje kungekuwa sawa na kumtoa mtoto mmoja kwenye familia kwa sababu ya umbo la pua yake. Tangu uainishaji mpya wa 2015, saintpaulia ni seksheni ndani ya *Streptocarpus*, si jenasi. Wauzaji wa maua hawakubadilisha kibao chochote, na sioni sababu ya kuwalaumu.

Cheo cha jina ndicho kinachofungua mlango

Hapa ndipo uainishaji unapoigusa hadhi moja kwa moja. Kwa muda mrefu kuruwiji wa Taita alihesabiwa kuwa nususpishi ya *Turdus olivaceus*, kuruwiji aliyeenea sehemu kubwa ya Afrika. Ndege aliyeenea hivyo hana shida, na nususpishi yake ya vilima vichache hufichwa na wingi wa ndugu zake. Alipotenganishwa kuwa spishi kamili, akapata mstari wake mwenyewe kwenye orodha ya dunia, na mara moja ikaonekana kwamba nyumba yake yote ni vipande vichache vya msitu. Utafiti wa vinasaba wa Rauri Bowie na wenzake, uliochapishwa 2005, uliimarisha utengano huo.

Jirani yake, apalisi wa Taita, *Apalis fuscigularis*, amepita njia hiyo hiyo. Moreau alimweleza mwaka 1938, kisha kwa miaka mingi akawekwa chini ya *Apalis thoracica*, ndege anayefika hadi kusini mwa Afrika. Leo ni spishi kamili na hadhi yake ni CR. Wakati akiwa nususpishi, alikuwa anapungua vile vile. Ila orodha ya dunia haikuwa na pa kumwandika.

Kwa saintpaulia mwendo ulikuwa wa kushuka. Wendland alieleza *Saintpaulia ionantha* mwaka 1893 kutokana na mimea iliyotumwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni aliyekuwa Tanga. Katika karne ya 20 spishi ziliongezeka hadi kufika takriban 20, nyingi zikiwa zimeelezwa na Burtt, na nyingi kwa tofauti za nywele za majani. Mwaka 2006 Iain Darbyshire, akiandika juzuu ya familia hii katika *Flora of Tropical East Africa*, alibakiza spishi sita tu. Nyingi ya zilizobaki aliziingiza ndani ya *ionantha*, baadhi zikiwa nususpishi.

Saintpaulia ya Taita ilinusurika, ikabaki spishi. Ile ya miamba ya chokaa ya Kilifi, *rupicola*, haikunusurika: sasa ni nususpishi ya *ionantha*, spishi ambayo sehemu kubwa ya makazi yake iko Tanzania. Kenya ilikuwa na saintpaulia mbili ambazo ni zake peke yake, ikabaki na moja, bila jiwe hata moja la Kilifi kusogezwa. IUCN inaruhusu nususpishi kutathminiwa, lakini kwanza spishi nzima iwe imetathminiwa. Na hata ikitathminiwa, taarifa za wafadhili na ripoti za serikali mara nyingi huhesabu spishi tu. Kwa maoni yangu Darbyshire alikuwa sahihi kisayansi, na *rupicola* imepata hasara. Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja.

Vipimo vyenyewe

Orodha Nyekundu ina vigezo vitano, A hadi E, na spishi hupewa hadhi ya juu zaidi ambayo kigezo chochote kimoja kinaifikisha. A ni kasi ya kupungua. B ni ukubwa wa eneo. C ni idadi ndogo inayopungua, D ni idadi ndogo mno, na E ni hesabu ya uwezekano wa kutoweka. Kwa spishi za vilima vidogo kama hivi, kigezo kinachoamua kwa kawaida ni B, lakini wanaoanza hukimbilia C kwa sababu idadi ya vichwa inaeleweka haraka.

Tujaribu C kwa kuruwiji. Makadirio ya miaka ya 1990 yalikuwa takriban ndege 1,350: zaidi ya robo tatu yao Mbololo, kama 250 Ngangao, na wasiozidi 40 Chawia. Kikomo cha C kwa EN ni ndege waliokomaa chini ya 2,500, hivyo mwandishi mwenye haraka anaandika EN na kufunga daftari. Haitoshi. C inadai sharti la pili: ama kasi ya kupungua iliyopimwa (asilimia 20 ndani ya miaka mitano au vizazi viwili), ama kupungua kunakoendelea pamoja na mgawanyo maalumu, yaani kila kundi liwe na waliokomaa wasiozidi 250, au kundi moja libebe asilimia 95 na zaidi ya wote. Kundi la Mbololo ni kubwa mno kwa sharti la kwanza la mgawanyo, na ni dogo mno kwa la pili. Idadi inapita, mgawanyo unakwama.

Sasa B. Kwa CR, eneo linalokaliwa liwe chini ya kilomita za mraba 10, au eneo lote lililo ndani ya mzingo wa makazi yake liwe chini ya 100. Kwa EN vikomo ni 500 na 5,000. Juu ya hapo lazima mawili kati ya matatu yatimie: makazi yamekatika sana au yako kwenye sehemu chache, kunaendelea kupungua, au idadi inapanda na kushuka kupita kiasi. Idadi ya sehemu ndiyo inayowatenganisha wakazi wa Mbololo: CR inataka sehemu moja, EN inakubali hadi tano.

Neno "sehemu" hapa si jina la kijiji wala la msitu. IUCN inaipima kwa tishio: ni eneo ambalo tukio moja, kama moto mmoja, linaweza kuwaathiri wote walio ndani yake kwa muda mfupi. Kuruwiji yuko Mbololo, Ngangao na Chawia, misitu iliyoachana, na kati ya Mbololo na vilima vya Dabida, vilivyobeba Ngangao na Chawia, kuna bonde la Paranga lililo kavu na lililolimwa. Moto wa Mbololo hauwezi kufika Chawia. Hizo ni angalau sehemu tatu. Saintpaulia ya Taita inajulikana kutoka Mbololo. Hiyo ni sehemu moja. Ukishika kipimo hiki tu, EN na CR zinajitokeza zenyewe, na hujauliza bado nani ana idadi ndogo kuliko mwenzake.

Kosa la kawaida zaidi kwenye B ni kuchukua hekta za msitu na kuziita eneo linalokaliwa. Mbololo ni kama hekta 200 za msitu wa asili, yaani kilomita za mraba 2. Lakini IUCN haipimi hivyo. Inatandaza miraba ya kilomita 2 kwa 2, na kila mraba wenye kiumbe unahesabiwa wote, kilomita za mraba 4. Msitu uliokaa mgongoni mwa kilima kirefu na chembamba unaweza kugusa miraba mitatu, na hapo kilomita 2 zinageuka 12. Ukihesabu kwa hekta utapata namba iliyo chini ya 10 na kudai CR ya eneo linalokaliwa bila haki. Kosa la pili ni kutofautiana kwa hekta zenyewe: ukisoma maandishi kuhusu Ngangao utakuta namba zinazopishana sana, kwa sababu wengine wanajumlisha misindano na mikaratusi iliyopandwa kando ya msitu wa asili na wengine hawajumlishi. Kwa kuruwiji, miti iliyopandwa si msitu. Uliza kwanza kilichohesabiwa.

Kisha kuna swali la nani anahesabiwa. Kwa ndege ni waliokomaa tu, na pale madume wanapowazidi majike, makadirio yanatakiwa yashuke, kwa kuwa dume asiye na jike hazalishi. Chawia ndiko hilo lilikoonekana kwa kuruwiji: ndege wachache, na madume wengi kupita majike. Kwa saintpaulia, kila shada la majani linaloweza kuishi lenyewe huhesabiwa kuwa mmoja, hata likiwa limetokana na mmea mama kwa chipukizi. Miche isiyofikia umri wa kutoa maua haihesabiwi. Anayepita na kuhesabu kila jani la kijani juu ya mwamba anajaza daftari kwa watoto.

Mimea ya kupandwa haihesabiwi hata kidogo. Saintpaulia zinazouzwa kwenye vyungu duniani kote ni nyingi mno, lakini Orodha Nyekundu hutazama porini tu. Mtu akikuambia "ua hili haliwezi kutoweka, lipo kila dirisha", mjibu mambo mawili: ya dirishani ni chotara wa miaka mingi, asili yake hasa ni *ionantha* ya Tanzania, na hata yangekuwa ya Mbololo yasingebadilisha herufi hata moja.

Msitu unapofunguka

Utafiti wa Petri Pellikka na wenzake, wakilinganisha picha za angani za 1955 na picha za 2004, ulionyesha kwamba nusu ya msitu wa asili wa Vilima vya Taita ilipotea katika kipindi hicho. Kati ya misitu mitatu ya kuruwiji, Mbololo ndiyo iliyoharibika kidogo kabisa, ikifuatiwa na Ngangao, na Chawia ndiyo iliyoharibika zaidi.

Mti mkubwa mmoja ukiondolewa, jua hufika chini. Juu ya mwamba, utando wa kijani wa mimea midogo unaoshika maji hukauka kwanza. Saintpaulia haina mizizi mirefu ya kutafuta maji kwingine. Imeshika utando huo tu, na majani yake manene yenye nywele huungua yakipigwa na jua la moja kwa moja. Mwamba uliofunuliwa unaweza kupoteza mimea yake yote bila mtu yeyote kuigusa. Mita chache pembeni, majani yaliyoanguka nayo yanakauka, wadudu wanashuka chini zaidi au wanaondoka, na pengo linajaa miiba na vichaka ambavyo kuruwiji hapekui chini yake. Ndege anahama upande wa ndani wa msitu, ikiwa upande wa ndani bado upo.

Ukigawa makadirio yale ya miaka ya 1990 kwa hekta, Mbololo ilikuwa na kuruwiji kama watano kwa hekta. Chawia, yenye hekta kama 50, haikufikia mmoja. Luc Lens na wenzake, wakifanya kazi na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walipima miguu ya ndege walionaswa kwa nyavu na kukuta kwamba tofauti kati ya mguu wa kushoto na wa kulia huongezeka kadiri msitu ulivyoharibika. Ni tofauti ya sehemu ndogo ya milimita, inayopimwa kwa kalipa na kurudiwa ili kosa la mkono lisionekane kuwa la ndege. Ndege aliyekua kwenye dhiki hujengeka bila ulinganifu kamili, na hilo linaonekana mapema, kabla idadi haijaporomoka. Kwa mmea sijui kipimo kinachotumika hivyo Mbololo, kwa hiyo hatari yake husomwa kwa eneo, na eneo huchelewa kusema.

Jani moja linatosha, na halitoshi

Tofauti kubwa ya kiutendaji ni kwamba saintpaulia inaweza kuzalishwa kwa jani. Chagua jani la safu ya kati ya shada, kwa kuwa la ndani kabisa bado changa na la nje limechoka. Bakiza kikonyo cha sentimita 3, kikate kwa mshazari, kichomeke kama sentimita moja kwenye mchanganyiko mwepesi wenye unyevu, funika ili unyevu usitoroke, weka kwenye mwanga usio wa jua la moja kwa moja, joto la nyuzi 20 hadi 25. Mizizi hutoka baada ya wiki tatu au nne, miche baada ya wiki nane hadi 12. Kinachoharibu mara nyingi ni maji mengi: kikonyo kinaoza kwenye usawa wa udongo na kuwa kahawia laini. Kikianza hivyo, kata juu ya sehemu iliyooza na uanze upya. Mbegu nazo zinawezekana. Ni kama vumbi, hutawanywa juu ya udongo na hazifukiwi, kwa sababu zinahitaji mwanga ili ziote.

Lakini miche 100 ya jani moja ni mmea mmoja kwa vinasaba. Mkusanyiko wa uhifadhi unahitaji mbegu za mimea mama mingi, kutoka miamba tofauti, kila pakiti ikiwa na lebo yake. Zikichanganywa kwenye bahasha moja, thamani yake imekwisha. Na kwa Kenya, kuchukua hata jani ni lazima uwe na leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia), kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira) cha rasilimali za kijenetiki, na ruhusa ya mwenye msitu. Jani lililochukuliwa kimyakimya na kukuzwa vizuri halifai kwa uhifadhi, maana hakuna taasisi itakayolipokea.

Kuruwiji hana njia ya mkato kama hiyo. Kazi kwake ni msitu: kubadilisha misindano iliyozunguka vipande vya asili kwa miti ya kienyeji, kuanzia kingo, na kuacha majani yaliyoanguka mahali yalipo. Anayekusanya majani hayo kwa ajili ya mifugo anaondoa meza ya ndege huyu.

Ukiandika ulinganisho wako

Andika mwaka wa tathmini mbele ya kila herufi, kila mara. Ndege wote duniani hutathminiwa na BirdLife International, shirika la uhifadhi wa ndege, kwa niaba ya IUCN, na tathmini ya kwanza iliyowajumuisha wote ilikuwa ya 1988. Mimea haina mpangilio huo: sehemu kubwa ya spishi zenye maua haijatathminiwa kabisa, na iliyotathminiwa inaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa. Kulinganisha tathmini mpya ya ndege na ya zamani ya mmea kama vile zimetoka siku moja ni kosa ambalo hata mabango ya maonyesho hulifanya. Kukosa herufi nako kusisomwe kuwa usalama.

Soma pia sababu ya mabadiliko. Kuruwiji wa Taita aliwahi kuwa CR kabla ya kuwekwa EN. Orodha Nyekundu hutofautisha mabadiliko ya kweli ya porini na yale yanayotokana na taarifa mpya, kigezo kutumiwa upya au jina kubadilishwa. Kushuka kwa sababu ya hali kuwa bora kunasubiri miaka mitano ya kutotimiza tena vigezo vya ngazi ya juu. Kushuka kwa sababu ya kusahihisha hakusubiri. Usiandike kwamba ndege wameongezeka mpaka umesoma safu hiyo.

Mwisho, jaribu kubadilisha hali kichwani uone herufi zinavyofanya. Kuruwiji wakiisha Chawia kesho, sehemu zitabaki mbili, ambazo bado ziko ndani ya tano za EN, na kwa kipimo hicho herufi haitasogea. Saintpaulia ya Taita ikipatikana kwenye mwamba wa kilima cha pili, sehemu zitakuwa mbili badala ya moja, na CR ya kigezo B itakosa mguu mmoja, isipokuwa mtathmini aonyeshe kwamba makazi yamekatika sana. Mimea ya Mbololo itakuwa ile ile.